Moto Uliochelewa

Niliifikisha Korona Machomane jua halijapanda,
na kipande cha jamvi kilichoungua nimekikunja kwapani,
ushahidi, kama mtu aendaye kwa sheha.
Juzi usiku niliiegesha uani kwa Bimkubwa Asaa.
Makonyo yameanikwa, sikuyaona kwa kiza.
Dakika tano za salamu,
na harufu ya karafuu ikageuka moshi.

Fundi Shaame alilipokea jamvi, akalinusa.
"Hili halikuguswa na ndimi za moto, mwalimu.
Limekaangwa."
(Nilimsomesha hesabu, darasa la nne. Hakuzipenda.)
Akaniambia niwashe, nisikanyage mafuta,
niiache ingurume peke yake.

Tukangoja.
Ana chupa ya maji, kizibo kakitoboa kwa msumari,
anadondosha tone tone juu ya ekzosi.
Nyuma, kwenye sailensa, tone likatambaa, likakauka bila haraka.
Katikati likalia, tss.
Mbele, shingoni, bomba linapoumana na injini,
tone halikulia wala halikukauka:
likawa shanga, likacheza, likakimbia.

"Chuma kikizidi moto," akasema, "hata maji hukiogopa."

Mie nilikuja na jibu langu mkobani.
Kijana wa Limbani alishaniambia: ekzosi imeziba,
nyingine iko Unguja, laki mbili na nusu,
nauli ya meli mbali.
Shaame akachutama nyuma ya gari,
kiganja mbele ya mdomo wa bomba,
kama anayemsikiliza mtoto pumzi.
"Inapumua vizuri. Aliyezibwa hapumui hivi."

Kisha akalifunika boneti kwa turubai
tukaingiza vichwa humo, mwalimu na mwanafunzi,
gizani, saa mbili ya asubuhi.
Shingo ya bomba ilikuwa nyekundu.
Nyekundu ya haya, si ya damu.

"Moto una chumba chake, mwalimu.
Huwashwa kifuani, ukasukuma, ukaisha.
Huu wako unawashwa umechelewa;
mlango wa kutokea umeshafunguka,
unatoka ungali na njaa,
unamalizia kula njiani."

Akapangusa grisi chini ya distribyuta.
Alama ya zamani ya patasi, mstari mmoja:
sasa ni miwili, imepishana upana wa ukucha.
"Nani kaizungusha hii?"

Namjua. Mimi ndiye niliyemshikia tochi.
Mwezi wa Rajabu, petroli ya chupa,
injini inagonga kila tukipanda Mtambile,
na mdogo wangu Mbarouk, spana namba kumi mkononi,
akaisogeza cheche nyuma, kidogo, kidogo tena,
mpaka kelele zikaisha.
Tukashukuru. Tukasema imepona.

"Hakuiponya. Kainyamazisha,"
akasema Shaame, na asijue
kwamba kamtaja Mbarouk mzima mzima:
siku ya mirathi ya baba, sebule imejaa wageni,
aliponishika mkono, "Dada, tusiseme leo."
Hatukusema.
Miaka sita sasa tunapeana mikono ya Idi
na mie shingo inaniwaka.

Shaame akalegeza nati, akazungusha, akatega sikio,
akarudisha unywele mmoja, akakaza.
Tone la tatu shingoni likasema tss,
kama tone lolote.
"Mlimani itagonga. Ikigonga, punguza mguu,
na petroli ya chupa uiache.
Ila usiizibe mdomo."

Elfu kumi na tano. Nikampa ishirini,
akanirudishia elfu nne na mia tano.
Nikamtazama.
Akacheka, akatafuta mia tano nyingine mfukoni.

Kilimani Korona ikagonga, ko, ko, ko.
Nikapunguza mguu, nikaiacha iseme.
Njia ya kwa Mbarouk ni kushoto.
Taa ya kona niliiwasha,
nikaizima.
Nikashika njia ya sokoni kununua jamvi la Bimkubwa,
deni ambalo bei yake naijua.